Yai la Dakika Tatu Lilivyopanda Gari la Moshi

Binti yangu alijifungua Eldoret mwezi wa Julai. Siku ya nne tangu atoke hospitali, akiwa amejilaza na mtoto kifuani, aliniambia, "Mama, natamani yai la Babu."

Sikuhitaji kuuliza ni lipi. Ni yai la kuchemsha ambalo ute wake umeganda wote ukawa mweupe, lakini kiini bado kinatiririka kama asali. Unalikata kichwa kwa kijiko, unalinyunyizia chumvi na pilipili manga, unachovya kipande cha mkate. Baba yangu alikuwa akitupikia yai hilo nyumbani kwetu Majengo, Mombasa, kila Jumapili ambayo hakuwa safarini. Mimi mwenyewe nimelipika zaidi ya miaka arubaini: maji yachemke, yai liingie, dakika tano, litoke, litiwe kwenye maji baridi. Katika jiko langu siangalii hata mara mbili.

Eldoret yai hilo lilinikataa mara tatu. La kwanza nilipolikata, ute ulitoka kama kamasi. La pili nililiongeza nusu dakika, nalo likawa vile vile. Nikaanza kulaumu vitu vya watu. Nilisema gesi ile haina nguvu, nikabadilisha jiko dogo kwa kubwa. Nikasema sufuria ni jepesi mno, nikatafuta zito. Nikachukua la tatu moja kwa moja kutoka kwenye friji, nikalitumbukiza kwenye maji yaliyokuwa yakitokota kwa fujo, nikasimama juu yake na saa ya simu mkononi. Lilitoka bichi kuliko wenzake. Mzazi ana njaa, mtoto analia, na mimi niliyepanda basi kutoka pwani kuja kumlea nashindwa na yai.

Hapo ndipo nilipoisikia sauti ya Baba, wazi kana kwamba amesimama mlangoni: "Sufuria halina kosa. Uliza maji yako yako wapi."

Baba alikuwa mpishi katika behewa la chakula la gari la moshi. Aliingia kazini mwaka 1951, miaka mitatu baada ya reli ya Kenya na Uganda kuunganishwa na ile ya Tanganyika zikawa shirika moja la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Alitoka mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ilipovunjika. Kwa miaka 26 alipika juu ya magurudumu kati ya Mombasa na Nairobi, na mara nyingi akavuka hadi Kampala. Nafikiri hakuna mpishi katika nchi hii aliyelazimika kujua zaidi ya wale wa reli jinsi maji yanavyobadilika, kwa sababu jiko lao halikukaa mahali pamoja. Wengine walihamia bara mara moja, wakajifunza, wakatulia. Wao walipanda na kushuka mlima kila wiki na sufuria lile lile.

Tazama njia yenyewe. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, maji ya bahari yakionekana. Mwaka 1899 reli ikafika Nairobi, ambako ni karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwaka 1901 ikafika ziwani Kisumu. Ukitoka Nairobi unapanda hadi Limuru, zaidi ya mita 2,200, kisha unateremka Bonde la Ufa kupitia Naivasha na Nakuru. Tawi lililofika Eldoret mwaka 1924 na Kampala mwaka 1931 lilipanda tena, safari hii hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ambako ubao wa stesheni ulimwonyesha abiria kwamba amefika juu ya futi 9,000. Watu walifunga madirisha na kujifunika mablanketi. Jikoni Baba alikuwa na jambo jingine la kufikiria.

Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuusukuma uzito wa hewa iliyolalia sufuria. Pwani hewa yote iko juu yako, na maji hayakubali kutokota mpaka yafike digrii 100. Ukipanda, sehemu ya hewa unaiacha chini, mzigo unapungua, na maji hutokota mapema. Kila mita 300 unazopanda, kiwango hicho hushuka takriban digrii moja. Nairobi maji huchemka kwa digrii 94 hivi, na Timboroa kwa 91. Kwa jicho huoni tofauti, kwani mapovu ni yale yale na mvuke ni ule ule. Hata ukiongeza moto mpaka sufuria liruke, maji hayapandi joto, yanakauka tu. Mwanamke wa nyanda za juu anayeinjika githeri saa nne nzima hafanyi hivyo kwa sababu mahindi yake ni magumu kuliko ya wenzake.

Chakula kingi hukusamehe, lakini yai halisamehi. Ute huanza kuganda kwenye digrii sitini na kitu, na kiini hufuata nyuma yake kwa karibu sana. Mlango uliopo kati ya ute ulioiva na kiini kisichoiva ni mwembamba, na mpishi hana budi kupita hapo hapo. Katika chakula chote cha Wazungu, hili ndilo lililokuwa na mtihani mkubwa kuliko lilivyoonekana.

Wazungu wa Kenya walikuja na desturi ya yai la dakika tatu. Ndivyo lilivyoitwa kwao, na ndivyo walivyoliagiza huku: "Yai mbili, dakika tatu." Dakika hizo zilitoka katika miji kama London, ambayo haiko mbali na usawa wa bahari. Walipopanda nazo hadi Nairobi, Limuru na Molo, saa walibeba, lakini joto la maji lilibaki chini. Yai la dakika tatu juu ya Bonde la Ufa halijaiva kwa desturi ya mtu yeyote. Lawama ikamwangukia mpishi. Akaambiwa hajui saa, ni mvivu, hakungoja maji yachemke. Mwaka 1928 akina mama wa kanisa la St Andrew's jijini Nairobi walitoa kitabu cha upishi cha walowezi wa Kenya, na mwaka 1936 kikatoka kitabu cha Le Breton cha kuwafundisha askari, walowezi, wachimba migodi, wafanyabiashara na wake zao Kiswahili cha bara. Vitabu vya kumwelekeza bwana namna ya kumwelekeza mpishi havikukosekana. Cha mpishi mwenyewe sijakiona.

Na wapishi hao walikuwa na elimu ya zamani kuliko reli. Unguja, katika karne ya 19, Wangazija walijulikana kwa kazi za upishi na utumishi katika nyumba za mabalozi wa kigeni. Wagoa walipika katika meli na vilabu. Mombasa ilipokuwa mwanzo wa reli, vijana wa pwani walipanda bara wakiwa na kanzu nyeupe, kofia nyekundu, na katika kifuko cha ndani vyeti vya mabwana waliotangulia, vimekunjwa mpaka vinakatika. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kushikiliwa baada ya Vita ya Kwanza, na mwanamume Mwafrika akatakiwa kwenda na karatasi yake popote. Mpishi alikuwa na mzigo wa ziada, kwani neno moja baya kwenye cheti liliweza kumfungia milango ya mtaa mzima. Kwa hiyo yai bichi mezani halikuwa jambo dogo. Mtu aliweza kurudi pwani mikono mitupu kwa ajili ya digrii sita ambazo hakuna aliyemwambia habari zake.

Baba alizijua digrii hizo kwa njia nyingine. Jikoni mwao, alivyotusimulia, saa ilikuwa ya msimamizi, nayo ilikaa mfukoni mwa msimamizi. Mzee aliyemfundisha kazi, mtu wa Lamu, alimwambia apime yai kwa kusoma Alhamdu, sura ya kwanza ya Kurani. Si kwa haraka, bali kwa mwendo wa mtu anayesali na hana pa kukimbilia. Mombasa ni Alhamdu kumi na mbili. Nairobi ni kumi na tano. Timboroa ni kumi na saba. Ukiteremka Kampala unarudi kumi na nne. Baba alisema thawabu ya kisomo aliwapelekea wazazi wake, mmoja leo na mmoja kesho, na yai likaiva humo humo. Aliyasema hayo kwa uzito kabisa. Hakuona kwamba anaipunguza sura kwa kuisomea jikoni. Aliona kwamba jiko limepata heshima.

Nami nilifika jikoni humo mara moja. Ilikuwa mwaka 1970, nina miaka kumi na miwili, tunakwenda Eldoret kwa arusi ya jamaa wa mama. Usiku kucha sikulala kwa furaha ya kitanda kinachotikisika. Asubuhi tulikuwa tunaingia nyika za Athi, jua linatoka upande wa kulia, na mtumishi mwenye koti jeupe akipita ujiani akigonga kengele yake ndogo kuwaita watu kwenye chai. Baba alikuja kunichukua, akanisimamisha pembeni, mgongo kwenye ukuta, akaniambia nisiguse kitu. Jiko la chuma lilikuwa limefungwa sakafuni, na juu yake vyuma vya kuzuia masufuria yasiteleze. Kulikuwa na joto la kuchoma uso. Watu watatu walipishana katika nafasi ambayo sisi nyumbani tungeweka kabati tu, na hakuna aliyemgonga mwenzake.

Kabla ya kuyachemsha mayai aliyatia kwanza kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Haya yamelala kwenye baridi. Nayarudisha Mombasa kwanza, kisha nayapandisha." Kisha midomo yake ikaanza kusogea. Nilikuwa nahesabu pamoja naye kimoyomoyo. Ilipofika kumi na mbili nikanyanyua kichwa, nikidhani amesahau. Hakusogea. Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano, ndipo kijiko chake kikashuka.

Siku moja, miaka mingi kabla ya safari yangu hiyo, abiria mmoja mwenye cheo alirudisha yai jikoni Nairobi akitaka dakika tatu kama alivyoagiza, si zaidi. Baba alimpa. Likarudi. Akaambiwa mbele ya watu kwamba mtu mweusi hajui kuhesabu. Alichemsha la tatu kwa Alhamdu zake, akalipeleka mwenyewe, akaambiwa, "Hizi sasa ndizo dakika tatu." Akajibu, "Ndiyo, bwana." Kila alipotusimulia, Baba alisimama hapo, hakuongeza neno. Mama alikuwa akimwondolea sahani mbele yake taratibu, na sisi watoto tulijua tusiulize.

Nilifundisha historia katika shule ya sekondari miaka 31. Kila mwaka, katika somo la wavumbuzi, niliwaandikia wanafunzi ubaoni: Burton na Speke, waliondoka Unguja mwaka 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Sikupata kuwaambia, kwa kuwa nami sikulitilia maanani, kwamba wasafiri hao walipima urefu wa nchi yetu kwa kuchemsha maji. Ndivyo ilivyofanyika zama hizo: unachemsha maji, unatia kipimajoto, unasoma yanachemka kwa kiwango gani, unapiga hesabu ya umepanda kiasi gani. Vipimajoto vyao bora viliharibika njiani, na Ziwa Tanganyika likapimwa kwa kipimajoto cha kawaida, cha maji ya kuoga. Kiliwapa futi 1,844, yaani mita 562. Ziwa lenyewe liko karibu mita 770. Ukigeuza kosa hilo kuwa joto la sufuria, halifiki digrii moja. Lakini kwa kosa hilo ziwa lilishushwa chini mno kwenye karatasi, hata likaonekana haliwezi kuwa chanzo cha mto Nile, na Burton baadaye alikishambulia kipimo hicho katika ugomvi wake na Speke. Wanazuoni wa Ulaya waligombana miaka kwa jambo lililotokea ndani ya sufuria Ujiji.

Nani aliyepuliza moto chini ya sufuria lile? Msafara ulikuwa wa watu wa pwani na wa bara. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akakulia Bara Hindi, alikuwamo, na baadaye akaongoza misafara ya wengine, ya Stanley na ya Cameron. Wapagazi waliokuwa wakipika ugali na maharagwe Unyamwezi, Karagwe na kwingineko walikuwa wanaona kila jioni kwamba vyakula vinachelewa kuiva kuliko Bagamoyo. Walikuwa na kipimo mbele yao. Wakati mwingine nafikiri, na hili ni wazo langu mwenyewe wala silitoi kitabuni, kwamba mtu mmoja aliyepika maharagwe njia yote kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria, yaani Nyanza, angeweza kumwambia Speke ni lipi kati ya maziwa hayo mawili lililo juu zaidi, bila kipimajoto. Nyanza iko juu kuliko Tanganyika kwa zaidi ya mita 350. Hiyo ni digrii moja na ushei, na kwa sufuria la maharagwe si kidogo.

Mkwe wangu ni mwalimu wa kemia. Jioni ile nilimwomba kipimajoto kinachofika mia, naye kesho yake akaja nacho kimefungwa kwenye soksi kisivunjike. Tukainjika maji. Tulisimama sote wawili, yeye ameshika kioo, mimi nimeshika mfuniko. Yakatokota. Akasoma: "Tisini na tatu, Mama." Eldoret iko kwenye mita 2,100 hivi, na hesabu inakubali. Nikamwambia babu mkwe wake angesema kumi na sita, na ikabidi nimweleze kumi na sita za nini.

Niliyatoa mayai manne kwenye friji. Lile friji lilikuwa adui wa pili, ambaye Baba hakuwa naye kwa kiasi hiki. Yai la digrii nne lina safari ndefu zaidi kufika kwenye kuiva, hasa katika maji yasiyofika mia. Nikayatia kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, robo saa. Nikayarudisha Mombasa. Kisha nikayateremsha kwa kijiko, moja moja, nikapunguza moto mpaka maji yatokote kwa utulivu, nikaanza kusoma. Binti yangu alikuja akasimama mlangoni na mtoto begani. Alisikia, akanyamaza. Nilipofika ya kumi na mbili mkono ulitaka kwenda wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ile ya pwani. Nikauzuia. Kumi na tatu na kumi na nne nilimsomea Baba, kumi na tano Mama, kumi na sita yule mzee wa Lamu ambaye sikumwona.

Akalikata kichwa pale pale, amesimama. Ute ulikuwa mweupe mpaka ndani, na kiini kikamwagikia kidoleni. Akalila lote, akaliomba la pili.

Nilirudi pwani baada ya arubaini. Matatu ilisimama kidogo Timboroa, barabarani, na ukungu ulikuwa umeshuka hata huoni misonobari iko wapi. Kijana mmoja alileta dirishani ndoo ya mayai boilo, kachumbari kwenye kopo, na chumvi kwenye kipande cha gazeti. Nilinunua mawili. Yalikuwa yameiva sawasawa, kiini kikavu bila ile duara ya kijani inayotokea yai likipitilizwa, na hilo si jambo la kupatia kwa bahati mahali pa juu namna ile. Nikamuuliza huyachemsha kwa muda gani.

"Nyimbo tano," akasema, akigusa simu iliyokuwa mfukoni mwa jaketi lake. "Asubuhi ya baridi, sita. Nilipokuwa nauza Kisumu zilikuwa nne."